Haki ya Shule Bila Daftari: Historia ya Masomo ya Watoto Wakimbizi na Wale Waliorudi, Tangu 1951 Hadi Leo



Kila mwaka, mwezi wa tisa ukikaribia, swali moja linarudi mu vikao vyetu: mtoto aliyerudi toka ng'ambo ya ziwa aingie kilasi gani? Mzazi analeta karatasi ndani ya mfuko wa plastiki: biletini ya kambi, cheti chenye muhuri uliofifia, kadi ya mgao. Direkta anageuza zile karatasi mbele na nyuma. Halafu anasema: "Tumwanzishe kilasi ya tatu, tuone." Na mtoto ana miaka 13.

Watu wengi wanazani hili ni jambo la bahati mbaya, au la direkta mmoja mwenye roho ngumu. Hapana. Lina historia, na historia yake ni ndefu kuliko vita vyetu. Ndani ya toleo hili tumeona vizuri kuieleza pole pole, kwa sababu wazee wetu walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Haki nayo ni vile vile. Ikiandikwa mu sheria lakini hakuna anayehesabu nani ameipata na nani ameikosa, inaisha bila habari.

Karatasi ya Geneva

Haki ya mkimbizi kusoma iliandikwa mwaka wa 1951, ndani ya Mkataba wa Geneva juu ya hali ya wakimbizi, kifungu cha 22. Kifungu hiki kina sehemu mbili, na ni lazima kuzitofautisha. Sehemu ya kwanza inasema kwamba kwa shule ya msingi, mkimbizi atendewe sawa na mwananchi. Hapo hakuna "ikiwezekana". Sehemu ya pili inahusu masomo yanayofuata: sekondari, chuo, kutambua vyeti vya nje, kupunguziwa malipo, kupewa msaada wa masomo. Huku neno linalegea. Mkimbizi atendewe vizuri kadiri inavyowezekana, na asiwe chini ya wageni wengine.

Ule mlegeo ndio ulitupata sisi wote. Mtoto wa kambi alisoma msingi, kisha akakuta mlango mwembamba. Wale waliotunga mkataba waliona shule ya msingi kama haki na sekondari kama wema.

Tanzania iliingia katika Mkataba huo mwaka wa 1964, Kongo yetu mwaka wa 1965. Nchi zingine ziliingia na masharti. Zambia, ambayo ilipokea Wakongomani wengi wa Katanga na Tanganyika kuanzia 1999, ilisema tangu mwanzo kwamba sehemu ya kwanza ya kifungu cha 22 inaichukua kama shauri tu, siyo kama lazima. Kwa hiyo ndugu wawili wa ukoo mmoja, mmoja akavuka ziwa kwenda Kigoma na mwingine akashuka kusini kuingia Zambia, hawakuwa na haki moja juu ya karatasi, hata kama wote wawili walikalia jiwe chini ya mti kusikiliza mwalimu.

Mataifa yaliongeza karatasi zingine. Mwaka wa 1960 UNESCO ilipitisha mkataba wa kukataza ubaguzi mu masomo. Mwaka wa 1989 ukaja Mkataba wa Haki za Mtoto. Kifungu chake cha 28 kinamhusu kila mtoto, bila kuuliza kama ni mwananchi, mkimbizi ao mhamiaji. Kongo iliuridhia mwaka wa 1990, Tanzania mwaka wa 1991. Kwa hiyo wakati sisi tulianza kuvuka, hakuna haki ya shule iliyokuwa imekosa kuandikwa. Kilichokosekana ni mtu wa kufuatilia.

Shule ya kukaa na shule ya kurudi

Kuelewa yaliyotupata Kigoma, lazima kwanza kuwaangalia majirani zetu Warundi waliotutangulia. Mwaka wa 1972 maelfu na maelfu walikimbia mauaji kwao, wakapewa mashamba Tanzania, mu makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Ile ilikuwa wakati wa Mwalimu Nyerere, wakati wa ujamaa. Watoto wao walisoma programu ya Tanzania: msingi kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza. Tunaiita shule ya kukaa. Hakuna aliyewaambia kesho mtarudi.

Kwa wale waliobaki, shule hiyo ilizaa matunda. Kuanzia 2007 Tanzania ilifungua njia ya uraia, na zaidi ya watu 160,000 wa ile jamii waliupata. Watoto wao walikuwa tayari wamesoma kama Watanzania wengine. Lakini wale waliochagua kurudi Burundi walifika na Kiswahili na Kiingereza mu nchi ambamo kilasi inaendeshwa kwa Kirundi na Kifaransa. Kijana aliyekuwa wa kwanza kule akawa wa mwisho huku, na hakuna akili iliyopotea njiani. Ni lugha tu.

Sisi tulikuta kitu kingine. Tulipovuka mwishoni mwa 1996, wakati vita vilifika Uvira na Fizi, Tanzania ilikuwa imechoka. Mwaka wa 1994 ilikuwa imepokea bahari ya watu toka Rwanda, tena Warundi toka 1993. Makazi yenye mashamba yakakoma, kambi zikaanza: Nyarugusu katika wilaya ya Kasulu mwaka wa 1996, kisha Lugufu. Sheria ya wakimbizi ya 1998 ilimtambulia kila mtoto mkimbizi elimu ya msingi, lakini ilimfunga pia mkimbizi ndani ya kambi: kutoka ni kwa kibali. Na siasa ya taifa juu ya wakimbizi ya 2003 ikaweka wazi kwamba masomo mu kambi yafuate programu ya nchi mtu alikotoka.

Njo tunaiita shule ya kurudi. Darasa la Nyarugusu lilikuwa kipande cha Kongo juu ya ardhi ya Tanzania: Kifaransa ubaoni, jiografia ya Kongo, mitihani ya Kongo. Ilikuwa na faida, na tusiifiche. Wengi wetu tunaoandika hapa tulishika Kifaransa mu kambi, na tuliporudi hatukuwa wageni kabisa. Lakini ilikuwa pia na bei. Shule isiyounganishwa na Wizara ya nchi mnamoishi haina baba. Wizara ya Tanzania inasema: si wanafunzi wetu. Wizara ya Kongo inasema: wako nje ya mipaka. Walimu hawakupata mshahara bali motisha, pesa kidogo toka kwa mashirika. Na mtihani wa taifa, ule tunaoita Exetat, unahitaji inspekta, bahasha zilizofungwa, ruhusa za nchi mbili. Kitu kimoja kikichelewa, mwaka mzima wa kijana umeharibika.

Nini kilihesabiwa mu kambi

Tuseme ukweli: mu kambi watu walihesabu. HCR ilihesabu, mashirika yalihesabu, kila mwezi kulikuwa fomu. Wangapi wameandikwa, wavulana wangapi, wasichana wangapi, walimu wangapi, vitabu vingapi. Hesabu ile ilileta madawati na chaki, kwa sababu mfadhili huwa anauliza namba.

Lakini angalieni kile ambacho fomu haikuuliza. Haikuuliza habari ya watoto walioishi nje ya kambi, mu mji wa Kigoma na mu vijiji vya pwani, ambao wazazi wao hawakujiandikisha na ambao walisoma shule za Tanzania kwa jina lisilo lao, ao hawakusoma kabisa. Haikufuata msichana aliyeandikwa mwezi wa tisa na ambaye mwezi wa pili alikuwa nyumbani na mimba ao kwenye foleni ya maji. Na haikuuliza: je, cheti hiki, siku mtoto atatoka hapa, kitasomwa na nani?

Tena kuna jambo la Mtabila ambalo Warundi wenzetu hawalisahau. Mwaka wa 2009, wakati Serikali ilitaka kambi ya Mtabila ifungwe, mashule ya mle yalifungwa kwanza, na kambi yenyewe ikafungwa mwisho wa 2012. Watoto walikaa miaka bila kilasi. Hapo shule haikukosekana kwa sababu ya umasikini; iliondolewa ili wazazi wasukumwe kurudi. Kwa hiyo kufuatilia haki ya masomo si kuhesabu vichwa tu. Ni kuuliza pia: shule imefungwa na nani, na kwa lengo gani?

Mtu akishuka meli, anatoka mu daftari

Kurudi kwetu kwa mpango kulianza mwaka wa 2005, kufuatana na masikilizano kati ya Kongo, Tanzania na HCR. Meli zilitoka Kigoma zikaelekea Baraka na Uvira. Makumi ya maelfu ya watu walirudi ndani ya ile miaka, na mwaka wa 2009 Lugufu ikafungwa. Waliobaki wakapelekwa Nyarugusu.

Hapa ndipo pana shimo kubwa la historia yetu. Mu kambi, mtoto alikuwa namba ndani ya orodha ya wakimbizi. Kwenye bandari ya Kigoma jina lake lilikatwa: amerudi. Upande wa pili hakuna daftari lililomngoja. Si mkimbizi tena, kwa hiyo kifungu cha 22 hakimhusu. Sasa ni mwananchi, na Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inamwahidi shule ya msingi ya lazima na ya bure. Ahadi nzuri! Lakini mu 2006, mu 2007, mu 2008, wazazi wa Kongo walikuwa wangali wanalipa prime ya mwalimu, na mama aliyeshuka meli na masufuria mawili na shiti la HCR hakuwa na franga ya prime. Ilibidi kungoja mwezi wa tisa 2019 ili shule ya msingi ya Serikali ianze kuwa bure kweli.

Madaftari mengi ya kilasi tuliyopitia yanaandika jina, umri, jina la baba. Hakuna mahali pa kuandika "alisoma wapi kabla". Mtoto aliyerudi anachanganyika na wengine, na hiyo ni vizuri kwa upendo wa jirani, lakini ni vibaya kwa kufuatilia. Akirudishwa nyuma kilasi mbili, hakuna anayeandika. Akiacha, inaandikwa "ameacha", kama vile ameamua mwenyewe. Na walimu wetu waliofundisha miaka kumi mu kambi walikuta hali ileile: bila matrikile ya Serikali, wakawa NU, walimu wapya wasiolipwa, hata kama mvi zimeota.

Maswali manne ya mama Tomaševski

Wakati sisi tulikuwa tunapanga foleni ya unga, kulikuwa watu walioanza kufikiri ginsi ya kupima haki hii. Mwaka wa 1998 Umoja wa Mataifa ulimchagua Katarina Tomaševski, mwanasheria wa Kroatia, kuwa wa kwanza kufuatilia haki ya elimu duniani kote. Yeye alitoa maswali manne ambayo hata mzee asiyesoma anaweza kuyauliza. Shule iko? Mtoto anaweza kuifikia, kwa miguu, kwa pesa, bila kubaguliwa? Kinachofundishwa kinafaa, na mwalimu ni mwalimu? Na ya nne: shule inajirekebisha kumfuata mtoto, ao mtoto ndiye analazimishwa kujikunja ili aingie?

Haya maswali ni ya maana kwetu. Kambi ilijibu la kwanza vizuri na la pili nusu nusu. Lakini mtoto aliyerudi anaangukia kwenye la nne. Shule iko, mlango wazi, mwalimu yupo. Lakini mtoto anajua mahesabu kwa Kiswahili na mtihani unauliza kwa Kifaransa. Akikosa, anaitwa mjinga.

Mwaka wa 2012 HCR yenyewe ilibadilisha njia: badala ya mashule ya pembeni, watoto wakimbizi waingizwe mu mashule ya nchi inayowapokea, programu moja, cheti kimoja. Uganda ilikwisha kufuata njia hiyo. Mtoto wa Kongo kule Kyangwali anasoma programu ya Uganda kwa Kiingereza. Tanzania ilibaki na programu ya nchi za asili. Kila njia ina wanaoumia: ile ya Uganda inaumiza anayerudi, ile ya Tanzania inaumiza anayebaki. Mwenye kujua kama atarudi ao atabaki, ni nani? Sisi hatukujua. Tuliambiwa mwaka mmoja, ikawa kumi.

Kisha namba za dunia zikaanza kutoka. Mwaka wa 2016 HCR ilitangaza kwamba nusu tu ya watoto wakimbizi, yaani 50 kwa 100, wako shule ya msingi. Sekondari ni 22 kwa 100, wakati watoto wa dunia kwa jumla ni 84. Na chuo kikuu ni 1 kwa 100. Mwaka wa 2019 zilipanda: msingi 63, sekondari 24, chuo 3. Ripoti ya UNESCO ya 2019 ilitolewa nzima juu ya uhamiaji na masomo. Ni kazi kubwa na tunaishukuru. Lakini namba ya dunia haimjui mtoto wa Kalundu. Na ndani ya zile hesabu za wakimbizi, yule aliyekwisha kurudi hayumo.

Leo sisi ni wenyeji

Kuna jambo lingine ambalo tukilinyamazia tutakuwa wanafiki. Tangu 2015 wakimbizi wa Burundi wako Lusenda, hapa hapa Fizi. Watoto wao hawakupewa shule ya pembeni. Wanaingia mu mashule yetu, wanasoma programu ya Kongo. Tangu 2019, na shule ya bure, kilasi zimejaa mpaka mtoto anaandikia juu ya mgongo wa mwenzake. Tumesikia wazazi wakisema: "Watoto wa kambi wametujazia kilasi." Ndugu zetu, maneno hayo tuliyasikia Kigoma yakisemwa juu yetu. Sheria ya Kongo ya 2002 juu ya wakimbizi, na Mkataba tulioukubali mwaka wa 1965, vinasema mtoto wa Lusenda kwenye shule ya msingi ni sawa na wa kwetu. Kilasi ikijaa, dawa ni kuomba kilasi ya pili. Kumfukuza mtoto siyo dawa.

Na mwaka wa 2025 tuliona tena watu wa Uvira na wa bonde la Ruzizi wakivuka kwenda Burundi, watoto na mabegi ya shule mgongoni. Siku wale watarudi, swali la direkta litakuwa lile lile la mwaka wa 2005, kama hatujatayarisha jibu.

Kazi ya chama

Historia hii inatufundisha kwamba kila shirika kubwa linahesabu sehemu yake ya njia: kambi inahesabu kambini, Wizara inahesabu shuleni. Katikati ya njia, pale kwenye bandari na mpaka, na ile miaka miwili ya kwanza baada ya kurudi, hakuna anayehesabu. Pale ndipo chama cha watu waliorudi kina nafasi, kwa sababu sisi tunajua nyumba kwa nyumba nani alishuka lini.

Kwa hiyo kamati ya masomo inaomba kila tawi lishike daftari moja. Siyo kompyuta, daftari la kurasa mia linatosha. Kwa kila mtoto aliyerudi ao mkimbizi aliye kati yetu: alisoma wapi, kilasi gani, kwa lugha gani, karatasi gani anayo, ameingizwa kilasi gani hapa, mwezi wa pili bado yuko? mwisho wa mwaka bado yuko? Kama ameacha, sababu ni nini: pesa, lugha, ndoa, njaa, kazi ya ziwani? Jina la mtoto libaki mu tawi. Kwa ofisi na kwa wafadhili zitoke hesabu tu, kwa maana orodha ya majina ya watu waliokimbia ni kitu cha hatari mkononi mwa mtu mbaya.

Kwa wazazi: msitupe karatasi hata moja, hata iliyochanika. Tangu 1981 kuna mkataba wa nchi za Afrika juu ya kutambuliana masomo ya juu, uliopitishwa Arusha, na mwaka wa 2019 UNESCO ilipitisha mwingine wa dunia nzima. Njia ya kuomba usawa wa cheti iko, hata kama ni ndefu, lakini haianzi bila karatasi.

Kwa wafadhili wetu: mmezoea kutuuliza ni madaftari mangapi na sare ngapi tumegawa. Tutaendelea kuwajibu. Lakini tunaomba mtuulize pia swali la pili: kati ya wale waliopewa daftari mwezi wa tisa, wangapi walikuwa kilasini mwezi wa sita? Mkituuliza hivyo kila mwaka, mtatulazimisha kujua. Na msaada wenye faida kuliko yote kwa sasa ni miezi mitatu ya kilasi ya Kifaransa kabla ya mwaka kufunguka, ikifundishwa na wale walimu wetu wa kambi ambao bado wanangoja matrikile. Mtoto wa miaka 13 akipata miezi hiyo mitatu, direkta hatakuwa na sababu ya kumrudisha kilasi ya tatu.

Daftari za kwanza zitapokelewa kwenye kikao cha mwezi ujao. Tawi lisilo na kalamu, litume mtu, kalamu ziko.